Kwa Zuhura, kabla hujatia saini

Malindi, Unguja

Shoga yangu Zuhura,

Assalam alaykum. Barua yako imefika na mswada wa filamu nimeusoma wote. Unaniuliza kama mtu anayejiheshimu anaweza kumcheza mwanamke kama Bi Salma, anayemdhulumu kaka yake mirathi. Anaweza, tena bila ya khofu. Dhalimu akichezwa vizuri, watu huitambua dhuluma hata ikija na maneno matamu. Kinachomvunjia mwigizaji heshima ni kitu chengine: kumcheza mtu ambaye mwandishi hakumpa akili wala hiari, kawekwa achekwe au apigwe tu.

Mtazame Sidney Poitier, mwigizaji wa filamu za Marekani, mtoto wa mkulima wa nyanya wa visiwa vya Bahamas. Miaka ya 1950, kabla hajawa na jina, alikataa nafasi ya baba ambaye binti yake anauliwa naye hafanyi kitu. Baba yule hakuwa muovu. Mswada haukumpa nafasi ya kusimama kama baba, na Poitier akaikataa ilhali yuko katika shida ya fedha na mkewe karibu na kujifungua. Mwaka 1964 akawa mwanamme mweusi wa kwanza kupata Oscar, tuzo kubwa ya filamu ya Marekani, ya mwigizaji bora. Sikuahidi kwamba ukikataa nawe utalipwa hivyo; nataka ukichukue kipimo chake.

Shika penseli. Pembeni mwa kila onyesho andika: Bi Salma anataka nini, anakitaka kwa nani, nini kinamzuia, anafanya nini kukipata. Karibu mswada mzima utajibika. Utakwama onyesho la 23, pale anapopigwa kofi na mumewe kisha kamera inamwacha. Si lazima arudishe kofi, lakini lazima awe na jambo analolitaka. Muulize mwongozaji, baada ya kofi anatazama wapi, na kwa nini? Akikujibu "analia tu", omba paandikwe upya sasa hivi. Siku ya kupiga picha watu wote wamesimama wanasubiri, na jua la kwetu likianza kuzama halikawii. Hapo hakuna atakayekusikiliza.

Na ukitakiwa uzidishe Kipemba ili watu wacheke, kataa. Bi Salma ni wa Wete. Aseme kama watu wa Wete wanavyosema wakihamaki, wakiomba, wakifiwa.

Unapomcheza usimhukumu. Yeye ndiye aliyemuuguza mama. Kaka yuko Maskati, na mirathi inampa kaka mafungu mawili, yeye moja. Hajioni mwizi, anajiona anajilipa. Ukimchezea macho ya hila tangu onyesho la mwanzo, mtazamaji atajua kila kitu mapema na kaka ataonekana mpumbavu kwa kumuamini.

Filamu haipigwi kwa mpangilio wa hadithi, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Maonyesho yote ya nyumba moja hupigwa pamoja, kwa hiyo unaweza kugawana mirathi asubuhi na kumlilia mama jioni. Tengeneza jadweli yako: namba ya onyesho, siku na saa ndani ya hadithi, nini kimeshatokea, Bi Salma anajua nini mpaka hapo, kavaa nini. Bila ya jadweli utaingia na machozi ya msiba ambao bado haujatokea, na mhariri hatakuwa na dawa yake.

Mikono nayo ina hesabu yake. Ukiinua kikombe cha kahawa kwenye neno "mirathi" katika shoti ya mbali, yaani kamera ikiwa mbali nawe, uinue kwenye neno hilo hilo katika shoti ya karibu, kwa mkono ule ule. Usipofanya hivyo picha mbili haziungani, na mhariri atachukua teki yako mbovu, ile mara uliyocheza vibaya, kwa sababu ndiyo pekee inayoungana. Chagua vitendo vichache. Mtandio upige picha kwa simu kila mnapopumzika, ujue ulikaa vipi.

Katika shoti ya karibu sauti ya jukwaani iache. Kwenye jukwaa la Ngome Kongwe unamsemea mtu wa safu ya nyuma. Hapa nyusi ikipanda kidogo imeshapiga kelele. Mtazame mwenzako jicho moja, lile lililo karibu na kamera, usihangaike baina ya mawili, maana kwenye skrini macho yataonekana yanatapatapa. Bangili vua zote, labda ziwe za lazima. Maikrofoni ikiwa ndani ya buibui, mwambie fundi wa sauti aibane kwa tepu, kwani kitambaa kikisugua kinameza maneno. Adhana ikiingia mnasimama, ndiyo ada, na ratiba nzuri huwa imeshaihesabu. Upepo wa kusi ndio usiohesabika, basi msishangae mkirudia kurikodi sauti chumbani.

Mkataba sasa. Maonyesho yako yatajwe kwa namba, na yale ya kushikana yaelezwe: nani anamgusa nani, wapi, umevaa nini, nani yumo chumbani. Mstari wa "na mengineyo yatakayohitajika" ukatwe. Siku ya ziada iwe na malipo yake, na siku ya kurudia sauti vile vile. Fungu la mwanzo upokee unapotia saini, na la mwisho kabla ya siku ya mwisho ya kupiga picha. Usikubali kungoja filamu iuzwe. Haya yaseme mapema, wakati bado una nguvu ya kusema hapana bila ya kumkwaza mtu.

Wakikuletea onyesho la 23 jipya, nitumie nilisome kabla hujawajibu. Msalimie sana mama.

Wako,
Rukia