Muvi za zamani za kuimba nazo zipewe nafasi

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu.

Ukurasa wenu wa burudani naufuatilia sana ila muvi zinazoongelewa ni za juzi na jana tu, ya zamani ikitajwa inatajwa kwa kupita. Naomba niitetee moja, Singin' in the Rain ya kampuni ya MGM ya Marekani, ya 1952, maana kwa upande wa kuimba na kudansi mimi sijaona iliyoifikia mpaka leo.

Wengi wanaijua kwa ile sehemu ya staa wake Gene Kelly na mwavuli kwenye mvua, basi. Ni tamu kweli, na alirekodi ana homa kali. Lakini angalieni kamera jamani! Inakaa mbali kidogo unamuona mtu kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, halafu haikatwikatwi ovyo, kwa hiyo kila stepu unaiona na hakuna pa kujificha. Siku hizi tunaonyeshwa mguu, uso, mkono, mguu tena, mwisho hata hujui kama huyo staa anajua kucheza au hajui. Mwenzake Donald O'Connor anapanda ukuta kwa mbio anapinduka sarakasi anatua kwa miguu na wewe unaona yote. Debbie Reynolds alikuwa binti wa miaka 19 tu, mtu wa jimnastiki sio dansa, akawekwa katikati ya hao mabingwa wawili kwenye wimbo wa Good Morning wakarekodi mpaka miguu yake ikatoka damu, na ukimtazama usoni ni furaha tupu.

Na stori yenyewe ina akili. Ni 1927, sinema bubu ndo zinaanza kupata sauti, staa Lina Lamont ana sauti ya kukwaruza masikio basi wanamtafuta binti wa kuongea badala yake kwa siri. Sasa sikieni hii: pale Debbie, anayecheza huyo binti, anapoonekana akiongea badala ya Lina, sauti tunayoisikia ni ya Jean Hagen, huyohuyo aliyecheza Lina! Yaani yule tuliyekuwa tunamcheka ndiye mwenye sauti nzuri, ile mbaya ilikuwa uigizaji wake. Aliteuliwa kugombea Oscar na hakupewa, mpaka leo naona alionewa.

Wanaosema vitu vya zamani vimepitwa na wakati wajue pia kwamba nyimbo nyingi za humo zilikuwa za zamani tayari wakati ule, Arthur Freed na Nacio Herb Brown walizitunga kwa muvi za nyuma, Betty Comden na Adolph Green wakapewa kazi ya kutafuta stori ya kuziunganisha.

Kwa hiyo mhariri naomba hata nusu ukurasa mara mojamoja kwa muvi za aina hii, na mkianza na hii nitashukuru sana, vijana wanaojifunza kudansi waitafute waiangalie miguu ya Kelly taratibu.

Mpenzi wa sinema