Historia ya mpira wa mikono wa wanawake haikuishia Ulaya

Mhariri,

Mimi ni msomaji wako wa miaka mingi na sijawahi kukuandikia. Nimeyavumilia makosa ya majina, matokeo ya mechi yaliyochapwa kinyume, na kurasa nne za usajili wa klabu za Ulaya kila ifikapo Julai. Lakini ile makala ya wiki iliyopita kuhusu historia ya mashindano ya dunia ya mpira wa mikono kwa wanawake imenishinda kuinyamazia.

Sina ugomvi na mahali ilipoanzia. Ni kweli kombe la kwanza la ndani ya ukumbi lilichezwa Yugoslavia mwaka 1957 kwa timu 9, na Chekoslovakia wakalibeba mbele ya Hungaria. Ni kweli Romania walishinda kwao mwaka 1962, Ujerumani Mashariki wakatamba miaka ya sabini, Wasovieti wakafuata, kisha Norwei. Mwandishi wako ameyapanga haya vizuri. Kilichoniuma ni aya ya mwisho, pale Afrika ilipopewa sentensi moja tu, kwamba bara letu ndiyo kwanza linajifunza mchezo huu. Mhariri, hiyo sentensi si ya kweli, na aliyeiandika hakumuuliza mtu yeyote anayeujua mchezo.

Hata hiyo historia ya Ulaya ina mapengo. Msomaji anaruka kutoka 1965 hadi 1971 bila kuelezwa kwamba mashindano yalikuwa yafanyike Umoja wa Kisovieti mwaka 1968 na yakafutwa baada ya majeshi kuivamia Chekoslovakia, nchi ile ile iliyokuwa bingwa wa kwanza. Norwei wametajwa mara nyingi, lakini Marit Breivik hayumo kabisa. Huyu ni mwanamke aliyeifundisha Norwei kuanzia 1994 hadi 2009, akaipa ubingwa wa kwanza wa dunia mwaka 1999 na dhahabu ya Olimpiki mwaka 2008 kule Beijing. Ukiandika historia ya michezo ya wanawake halafu ukamwacha kocha mwanamke wa kiwango hicho, umeandika nini? Na Korea Kusini walioibeba dunia mwaka 1995, na Brazil mwaka 2013 mbele ya Waserbia wenyewe mjini Belgrade, wamepitwa kwa mstari mmoja, wakati ndio mabingwa wawili pekee waliowahi kutoka nje ya Ulaya.

Sasa nije kwetu. Mashindano ya Afrika ya wanawake yalianza mwaka 1974 na Tunisia ndiyo iliyotwaa kombe. Mwaka uliofuata Watunisia hao hao walikuwa Umoja wa Kisovieti kwenye mashindano ya dunia, wakiwa timu ya kwanza ya wanawake kutoka Afrika kufika huko. Nusu karne imepita tangu hapo! Kisha wakaja wasichana wa Kongo Brazzaville, na kama kuna timu iliyosahauliwa barani hili ni ile. Walichukua ubingwa wa Afrika mwaka 1979, 1981, 1983 na 1985, mara nne mfululizo. Kila mwaka gazeti lako linatukumbusha Olimpiki ya Moscow 1980, wanariadha wetu Filbert Bayi na Suleiman Nyambui na zile medali mbili za fedha, na mimi hufurahi kila ninaposoma. Basi kwenye michezo ile ile, Kongo walikuwemo katika mpira wa mikono wa wanawake, timu pekee ya Afrika kati ya timu sita. Walifungwa mechi zote tano na Wasovieti, Wayugoslavia, Wajerumani Mashariki, Wahungaria na Wachekoslovakia, yaani wenye mchezo wenyewe kwa wakati ule. Mchezo wa wanawake ulikuwa umeingia Olimpiki miaka minne tu kabla, kule Montreal. Wale wasichana waliingia mlango ulipofunguliwa. Nani katika chumba chako cha habari anawajua?

Angola nao walipata ubingwa wa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 1989, nchi ikiwa vitani. Vita vile viliisha 2002, na kufikia hapo walishakuwa wakubwa wa bara. Kinshasa, mwishoni mwa 2024, walibeba kombe lao la 16. Tangu 1998 limewaponyoka mara moja tu, mwaka 2014 kule Algeria, Tunisia walipowafunga majirani zetu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwenye fainali. Mwaka 2007 Angola walimaliza nafasi ya 7 duniani, na tangu 1996 hawajakosa Olimpiki hata moja. Wala mafanikio hayo si muujiza. Luanda ina klabu mbili zinazogombania wachezaji, Petro yenye shirika la mafuta la taifa nyuma yake na Primeiro de Agosto yenye jeshi, na msichana akisajiliwa huko anapata mshahara, kocha na ukumbi wenye paa. Hilo ndilo jambo ambalo historia ingetufundisha, maana sisi pia tuna majeshi, tuna mashirika ya umma na tuna wasichana.

Naomba nikueleze tukio moja ili ujue kwa nini naandika kwa uchungu huu. Mwaka jana niliombwa kuchezesha mechi za wasichana katika mashindano ya shule ya mkoa mmoja ambao sitautaja. Nilikubali kwa moyo wote, maana nimefundisha mchezo huu maisha yangu yote ya kazi. Nikakuta uwanja umechorwa kwa majivu, mstari wa mita sita unaozunguka goli umepinda upande mmoja, magoli hayana nyavu. Hayo nimeyazoea. Kisha likaletwa gunia la mipira, nikaanza kuipima kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, yote namba tatu. Mhariri, namba tatu ni mpira wa wanaume: una mzunguko wa sentimita 58 hadi 60 na uzito wa karibu nusu kilo. Wanawake hutumia namba mbili, sentimita 54 hadi 56, tena mwepesi zaidi kwa gramu mia hivi. Asiyeujua mchezo ataona ni tofauti ndogo. Lakini mchezo huu wote uko kwenye kiganja! Usipoweza kuukamata mpira kwa mkono mmoja huwezi kudanganya kipa, huwezi kubadilisha pembe ukiwa hewani, huwezi kupiga kwa kupindisha kiwiko. Nikamfuata mhusika wa vifaa, nikamuuliza namba mbili ziko wapi. Akanijibu huku akiangalia simu yake, mpira ni mpira, Mwalimu, tuanze, wageni wamefika. Tukaanza. Kulikuwa na binti mmoja, mashoto, mwembamba, kocha wake amempanga winga wa kulia, mahali ambapo mashoto anatafutwa kwa tochi kwa sababu pembe yote ya goli inamfungukia. Akapokea pasi kule kona, akapiga hatua tatu safi, akaruka juu ya mstari wa sita kama nilivyowaona wakubwa wakiruka, mwili umeegemea ndani, mkono umepanda. Na pale juu kabisa, alipotaka kupiga, mpira ukamteleza nyuma ya vidole, ukaenda kudunda kwenye viti vya wageni waalikwa. Watu wakacheka. Mgeni mmoja akasema kwa sauti kwamba wasichana warudi kwenye mpira wa pete. Yule binti akarudi kwenye ulinzi huku anauangalia mkono wake, anaufungua na kuufunga, kana kwamba kosa liko kwenye mkono. Mara mbili zaidi akapata nafasi ile ile, na mara mbili akachagua kurudisha mpira kwa mwenzake. Baada ya hapo tukaamriwa kupunguza dakika za kipindi cha pili kwa sababu kamati ilitaka watu wote wahamie kwenye fainali ya soka ya wavulana. Nilipuliza filimbi ya mwisho nikiwa na hasira ambayo sijaimaliza hadi leo.

Mwandishi wako alikuwepo siku hiyo. Fainali ya soka ilipata nusu ukurasa, na wasichana wa mpira wa mikono wakapata picha moja yenye maelezo kwamba ni baadhi ya wachezaji wakiwania mpira. Baadhi! Wavulana walitajwa wote, hadi wa akiba, pamoja na shule walizotoka. Hili ni donda la muda mrefu katika gazeti lako. Binti wa miaka kumi na sita akikata picha yake gazetini ampelekee bibi yake, aipeleke ikiwa haina jina? Jina la mchezaji halifichiki: mgongoni kwake kuna namba, mezani kuna karatasi ya timu, ni kazi ya dakika moja kumuuliza katibu wa mechi.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme na hili. Mwaka 2021 wachezaji wa Norwei wa mpira wa mikono wa ufukweni walitozwa faini ya euro 1,500 kwenye mashindano ya Ulaya kule Bulgaria kwa sababu walivaa kaptura badala ya chupi za kuogelea. Mliiandika habari ile kwa ukubwa, na picha kubwa. Sikatai, ilikuwa habari, na ilisaidia, maana kanuni ilibadilishwa kabla mwaka haujaisha. Lakini mwaka huo huo, mwezi Juni, mashindano ya Afrika yalichezwa Yaoundé na Kenya walikuwemo, dada zetu wa hapa hapa Afrika Mashariki. Sikuona mstari. Desemba ya mwaka huo mashindano ya dunia yakapanuliwa kwa mara ya kwanza kutoka timu 24 hadi 32, Afrika ikapeleka nne, Angola, Kameruni, Tunisia na Kongo Brazzaville. Sikuona mstari. Na Agosti 2024 mjini Paris, nahodha wa Angola, Albertina Kassoma, alipoumia goti wakicheza na Brazil, Tamires Araújo wa Brazil alimbeba mikononi hadi nje ya uwanja, dunia nzima ikaiona picha ile. Kwenu hapakuwa na nafasi. Kumbe nafasi hupatikana pale habari inapohusu nguo.

Nasisitiza mashindano kupanuliwa kwa sababu maalumu. Nafasi zimeongezeka na wadogo wanazitumia. Mwaka 2025 Visiwa vya Faroe, nchi isiyofikisha watu elfu sitini, wameingia mashindano ya dunia ya wanawake kwa mara ya kwanza. Misri nao wameingia kwa mara ya kwanza. Tuna wilaya nyingi zenye watu wengi kuliko Faroe mara nne, mara tano, na zina shule za sekondari kila kata. Msichana wetu akisoma gazetini kwamba Afrika ndiyo kwanza inajifunza, ataona njia ni ndefu mno. Akisoma kwamba Wakongo walikuwa Moscow kabla mama yake hajazaliwa, ataona njia imeshakanyagwa.

Ninachokuomba ni mambo matatu, nayo hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, chapisha jedwali la mabingwa wa Afrika wa wanawake kuanzia 1974 hadi 2024, mwaka, mwenyeji na bingwa, kwenye ukurasa ule ule na kwa herufi za ukubwa ule ule uliotumika kwa mabingwa wa dunia. Pili, yeyote atakayetumwa kuandika mechi ya wanawake aje na jina la kipa na majina ya wafungaji, asipokuwa nayo habari isiingie. Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, kabla ya mashindano ya shule ya mwaka huu kuanza, mtume mwandishi akaulize katika kila mkoa imenunuliwa mipira mingapi namba mbili, ipo stoo ya nani, na funguo anazo nani. Majibu myachapishe mkoa kwa mkoa, na mkoa ambao hautajibu mwandike kwamba haukujibu. Mwandishi huyo akiona shida kutofautisha mipira, anipigie kupitia ofisi yako, nitamletea miwili aishike mwenyewe.

Mwalimu mstaafu wa michezo,
Tanga