Lete gitaa, alafu ukae mpaka wa mwisho apige

Mambo vipi rafiki yangu,

Barua yako nimeisoma nikafurahi sana, hasa pale uliposema gitaa umelishusha juu ya kabati na umeshalifuta vumbi. Ila hapo ulipoandika kwamba umri umeenda na vidole vimesahau, hapo sikubaliani na wewe kabisa, ndo maana nakujibu leoleo kabla hujalirudisha.

Unamjua Elizabeth Cotten? Yule mama wa Marekani, alikuwa anatumia mkono wa kushoto, gitaa analigeuza tu bila kubadilisha nyuzi, kwaiyo besi anapiga kwa vidole na melodi kwa dole gumba, yaani kinyume na wapigaji wengine. Alijifunza mwenyewe akiwa mtoto, alafu akaacha miaka mingi mno, maisha yakawa kazi za nyumbani kwa watu. Ikatokea familia moja iliyomwajiri ni ya akina Seeger, wanamuziki watupu, magitaa yapo humo ndani, akashika moja na mikono ikakumbuka. Albamu yake ya kwanza imetoka 1958 ameshapita miaka 60, na Grammy kaja kuipata ameshafika 90. Sasa we unaniambia umri!

Umeniuliza openi maiki, ule usiku wa staji wazi kwa yeyote anayetaka kupiga, inakuaje. Ni rahisi tu, unafika mapema unaandika jina kwenye karatasi, kila mtu anapewa nyimbo mbili au tatu, au dakika kumi hivi, MC anaita majina basi. Usiandike jina la kwanza kabisa maana watu bado wanatafuta viti, na usingoje mwisho, katikati ndo pazuri, ushawasikia wenzako na wasiwasi umepungua. Gitaa litune kabla hujaitwa, sio ukiwa juu ya staji watu wanakuangalia, na kama umeweka nyuzi mpya ziweke siku kadhaa kabla, uzivutevute, maana nyuzi mpya zinalegea katikati ya wimbo. Ukiweka kapo, kile kibanio cha shingoni kinachopandisha sauti ya nyuzi, tuni tena kidogo.

Maiki mara nyingi utakuta ni Shure SM58, ile yenye kichwa cha mviringo cha wavu, imekuwepo tangu 1966 na mpaka leo iko kila mahali. Isogelee. Watu wengi wakiogopa wanarudi nyuma, sasa ukirudi nyuma sauti inakuwa nyembamba, fundi mitambo anaongeza volyumu, maiki inaanza kudaka sauti ya spika na mluzi unaanza. Ukiwa karibu sauti inapata uzito wa chini, inakaa vizuri. Kwa gitaa kavu kama lako lisilochomekwa waya wa spika, maiki ya pili ielekeze pale shingo inapokutana na mwili, karibu na freti ya 12 (freti ni vile vichuma vya shingoni), sio kwenye tundu, tundu linavuma sana na maneno yako yanamezwa.

Lakini hayo yote utayazoea haraka. Kitu ninachotaka nikwambie hasa ni kusikiliza. Kuna watu wanakuja, wanapiga zao, wanafunga begi la gitaa wanaondoka, na mimi hilo linaniuma kweli, kwasababu yule wa mwisho kwenye karatasi naye amefanya mazoezi, naye amekaa kusubiri usiku mzima akiwapigia makofi wote, alafu zamu yake ikifika anaimbia viti. Sisi kundi letu tulishakubaliana, tukiingia tunakaa mpaka jina la mwisho liitwe. Na ujue mara nyingi huko mwishoni ndo unasikia kitu, mtu kaja kimyakimya hana hata majivuno, anaimba wimbo wa zamani bila chombo chochote, ukumbi mzima unaacha kuongea.

Alafu huwezi kujua nani yuko kwenye karatasi. Pale Gerde's Folk City, klabu ya muziki ya New York, jumatatu usiku ilikuwa ya yeyote anayetaka kupanda, na Bob Dylan alivyofika mji ule Januari 1961 ana miaka 19 alipita humohumo kwenye staji ndogondogo, akisubiri zamu kama wengine. Sisemi we uende kutafuta umaarufu, sijali hilo, nasema waliokuwa wamekaa kumsikiliza kijana asiyejulikana walimtendea haki kabla dunia haijajua jina lake.

Kwenye kundi letu kuna mpiga banjo, kuna wa fidla, na kuna mmoja hapigi chochote kabisa ila viitikio vyote anavijua. Huyo kwangu ndo muhimu kuliko wote. Muziki huu wa foki, nyimbo za watu, umejengwa hivyo, beti anabeba mmoja, kiitikio ni cha wote, na mtu mmoja akiitikia kwa nguvu kule nyuma meza ya jirani nayo inaingia, baadae hujui tena nani msanii nani msikilizaji. Kwaiyo ukiwa na wimbo wenye kiitikio wafundishe kwanza, mistari miwili tu, waimbe mara moja bila gitaa alafu ndo uanze. Mtu akishaimba na wewe hawezi tena kukukodolea macho, mko pamoja.

Na jina la mwisho likishaitwa kuna wakati tunavuta viti duara, hamna maiki hamna staji, mtu anaanzisha wimbo wengine wanatafuta pa kuingilia. Hapo sheria ni moja, kama huujui sikiliza raundi ya kwanza mpaka uukamate, ukiingia ingia taratibu, usimfunike anayeongoza. Mi naweza kukaa humo mpaka usiku wa manane na kesho yake nina kazi, wala sijutii.

Basi fanya hivi, chagua nyimbo mbili, sio ngumu kuliko zote, zile unazoweza kuzipiga huku unaongea na mtu. Ule wa mama yako aliokuwa anauimba akifua uwe wa pili, nakuomba, nimeukumbuka miaka yote hii na hamna mwingine wa kuuimba zaidi yako. Niandikie unaupiga kii gani, yaani ufunguo gani wa sauti, nijue kapo yangu niiweke wapi, maana kwenye kiitikio nakuja na sauti ya pili, na mpiga fidla nishamwambia ajiandae.

Wako daima,
rafiki yako