Marafiki wa Mary Braddon

Shoga yangu Saumu,

Salamu zimefika, na halua pia. Watoto wameimaliza kabla sijaionja. Umeniuliza kama yule Mary Braddon niliyekusimulia, mwandishi wa riwaya wa Uingereza ya karne ya kumi na tisa, kwa mambo yake yale, alikuwa na marafiki kweli.

Alikuwa nao, ila si kila mlango ulifunguka. Ujanani aliigiza jukwaani kwa jina la Mary Seyton, mama yake Fanny akifuatana naye, na binti wa jukwaani Uingereza ya wakati ule alitazamwa kwa jicho la pembeni. Kisha akaishi na mchapishaji wake, John Maxwell, ambaye mkewe alikuwa hai huko Ireland. Akalea watoto watano wa mwenzake, akazaa na wa kwake sita. Katikati ya hayo, mwaka 1862, akatoa Lady Audley's Secret, hadithi ya mwanamke anayeolewa tena ilhali mume wa kwanza yu hai! Nilicheka peke yangu.

Mwaka 1864 Maxwell akatangaza magazetini kwamba wameoana. Shemeji yake, Richard Knowles, akaandika kukanusha. Mke alipofariki mwaka 1874, Knowles huyohuyo akasambaza taarifa za msiba, na waliodhani Mary ndiye Bi. Maxwell wakashika vinywa. Watumishi wa nyumbani wakaacha kazi. Mary na Maxwell wakafunga ndoa mwaka huohuo, wakahama Richmond, karibu na London, wakahamia Chelsea hadi maneno yapoe.

Lakini anayenishughulisha mimi ni Edward Bulwer-Lytton, mwandishi mwenye jina kubwa aliyemwongoza kwa barua miaka mingi. Tabaruku ya Lady Audley's Secret ni yake. Naye mzee huyo, mwaka 1858, alimtia mkewe Rosina katika nyumba ya wendawazimu, mpaka watu wakapiga kelele akatolewa. Angeanzia wapi kumnyooshea Mary kidole? Wema wake kwa Mary naukubali. Ya Rosina sijamsamehe.

Baadaye, waliporudi Richmond, nyumba yao ya Lichfield House ikawa na wageni wa kutosha, waandishi na watu wa maigizo. Oscar Wilde alikuwa rafiki, na Bram Stoker pia. Stoker alimpelekea Dracula, kitabu chake cha mnyonya damu, kilipotoka mwaka 1897. Sasa sikia: mwaka mmoja kabla, Mary mwenyewe alikuwa ameshachapisha hadithi ya bibi kizee tajiri ambaye daktari wake anawanyonya damu wasichana wa kazi ili bibi azidi kuishi. Natamani ningekuwa nzi ukutani siku wawili hao wanakunywa chai.

Kitabu cha Lady Audley nitampa kaka yako akipita hapa Tanga Ijumaa. Usiruke kurasa kwenda kuchungulia mwisho, nakujua. Mama msalimie sana, na mwambie mguu wangu haunisumbui tena.

Wako,
Mwanahawa