Haidrenjia ipandwe mashariki mwa nyumba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wauza miche wa huku Lushoto: mnapomuuzia mtu haidrenjia, kile kichaka cha maua ya bustani, mwambieni na mahali pa kuipanda. Wengi huambiwa tu "weka kivulini", wakaipanda nyuma ya nyumba, na ikifika Januari majani yamebabuka.

Vitabu vya bustani vya Uingereza husifu kivuli cha ukuta wa kaskazini. Huko ni sawa. Sisi tuko kusini kidogo ya ikweta: Juni jua la mchana hupita kaskazini mwa paa, na kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi hupita kusini, tena huo ndio msimu wetu wa joto. Kwa hiyo ukuta wa kaskazini wala wa kusini hauna kivuli mwaka mzima. Wa kuaminika ni ukuta wa mashariki. Mmea hupata jua la asubuhi, kisha mchana nyumba yenyewe huukinga. Usogezwe tu hatua mbili kutoka ukutani, maji ya bati yasiupige.

Chini ya mparachichi uliopunguzwa matawi ya chini panafaa pia. Chini ya mkaratusi, kamwe! Mizizi yake hunywa kila tone.

Na anayependa maua ya buluu asipande kando ya msingi mpya. Chokaa ya saruji hupunguza tindikali ya udongo, maua yakageuka waridi.

Mama mpenda bustani,
Soni, Lushoto