Magunia ya taka yangali ufuoni Dunga

Mhariri,

Jumamosi iliyopita sisi wakazi, wavuvi na wachuuzi wa omena tulisafisha ufuo wa Dunga, kando ya Ziwa Victoria hapa Kisumu, tukajaza magunia kwa chupa za plastiki, nepi na vipande vya nyavu vilivyonasa katika magugu maji. Nilivuta nilichodhani ni kamba ya mtumbwi, kumbe ni mfuko wa plastiki wa aina iliyopigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017! Hata hivyo, magunia hayo yangali kando ya njia kwa kuwa gari tuliloahidiwa halikufika, na mvua ikinyesha yote yatarudi ziwani. Isitoshe, taka nyingi huletwa na mito inayopita mjini, kama Kisat, hivyo tunaomba wahusika wayazoe magunia na kuweka vizuizi vya taka mitoni.

Mkazi wa Nyalenda,
Kisumu