Treni yangu ilikimbia yenyewe, na mota haina kosa

Mhariri, assalamu alaykum. Mie ni mpenzi wa treni ndogo za umeme, tokea wazee wanisimulie ile treni ya 1905 iliyokuwa ikitoka mjini Unguja kwenda Bububu. Juzi kichwa cha treni kilikuwa kinakwenda taratibu vizuri, mara kikachomoka spidi ya mwisho, nazungusha kitufe hakisikii, kikaruka mpaka sakafuni! Fundi mmoja akanambia mota imekufa ninunue nyengine. Wallahi si kweli. Nilipokipindua nikakuta magurudumu yana uchafu mweusi umegandana, na reli imefanya ukungu, hewa yetu hii ya chumvi tena. Treni za dijitali kama hii yangu, amri zinapita humo humo kwenye reli pamoja na umeme, sasa uchafu ukiikata amri ile kompyuta yake ndogo inadhani imewekwa kwenye umeme wa kawaida, yaani wa reli zisizo na amri, basi inakwenda mbio zote. Nikafuta kwa spiriti na kitambaa cha pamba, halafu kwenye ile kompyuta ndogo, setingi namba 29 nikapunguza 4, ndiyo inayoruhusu umeme wa kawaida, ilikuwa 6 ikawa 2, ndo haiupokei tena umeme wa kawaida. Sasa inatambaa kama konokono. Mafundi wetu, nakuombeni, angalieni reli kwanza kabla hamjamuuzia mtu mota.

Msomaji wenu, Kikwajuni, Unguja